Kuhesabu Kabla ya Kusema: Watoto Wadogo na Elimu ya Takwimu

Wahenga walisema kuwa haba na haba hujaza kibaba. Aghalabu methali hii hutumiwa kuhimiza uwekaji wa akiba, lakini ndani yake limo neno jingine ambalo mwalimu wa sayansi hana budi kulizingatia. Kibaba ni kipimo. Asiyekuwa na kibaba hawezi kujua kuwa nafaka yake imezidi au imepungua. Atabaki kusema "nyingi" au "kidogo", na jirani yake atasema kinyume chake, wala hapatakuwa na njia ya kuwaamua. Sayansi huanza pale watu wawili wanapokubaliana kukitumia kibaba kimoja.

Makala haya yanahusu namna ya kumfikisha mtoto mdogo mahali hapo: aweze kuuliza swali, akusanye takwimu chache kwa mikono yake mwenyewe, azipange, na hatimaye aseme zina maana gani. Mifano yetu mingi tutaichukua Pande, katika wilaya ya Kilwa, mkoa wa Lindi, ingawa mwalimu aliyeko Bukoba au Singida anaweza kuifuata njia ile ile kwa vitu vilivyomzunguka.

Udongo wa Pande na hesabu ya miaka milioni 34

Pande imechaguliwa kwa sababu maalumu. Chini ya mashamba na vichaka vya sehemu hiyo, iliyoko kusini mwa Kilwa Masoko, umelala udongo wa mfinyanzi ambao zamani sana ulikuwa tope la sakafu ya bahari. Wanajiolojia waliochapisha maelezo yao mwaka 2006 waliyagawa matabaka ya pwani hii katika makundi manne, wakayapa majina ya mahali petu wenyewe: Nangurukuru, Kivinje, Masoko na Pande. Katikati ya miaka ya 2000, wataalamu kutoka nje wakishirikiana na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania walichimba visima vyembamba katika eneo hili, wakatoa nguzo ndefu za udongo, tabaka juu ya tabaka, kutoka udongo mpya ulioko juu hadi udongo wa kale ulioko chini.

Je, walitafuta dhahabu? La. Walitafuta magamba ya viumbe vidogo mno viitwavyo foraminifera, ambavyo huishi baharini, na vingi vyao havizidi punje ya mchanga kwa ukubwa. Udongo wa mfinyanzi, usiopitisha maji kwa urahisi, uliyahifadhi magamba hayo vizuri ajabu, hata mengine bado yang'aa kama kioo. Watafiti waliuosha udongo huo katika chekeche laini sana, wakayatazama magamba yaliyobaki kwa hadubini, wakayatenga aina kwa aina, kisha wakayahesabu. Wakafanya hivyo kwa tabaka moja, halafu kwa tabaka lililofuata, halafu kwa jingine.

Katika hesabu hiyo jambo kubwa lilijitokeza. Jamii moja ya viumbe hao, yenye magamba yaliyochongoka miiba, yaonekana katika matabaka ya chini. Kisha, penye mpaka wa zama mbili za kijiolojia, miaka ipatayo milioni 34 iliyopita, inatoweka isionekane tena. Wakati huo ndio ambapo dunia ilipoa na barafu kubwa ikaanza kulifunika bara la Antaktika. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2008, na mwaka 2009 magamba yaliyotoka katika udongo wa Tanzania yalitumiwa tena kukadiria kiasi cha hewa ya kaboni dioksidi kilichokuwamo angani katika kipindi hicho.

Hebu sasa tuondoe hadubini na mitambo ya kuchimbia, tuone kazi yenyewe ilikuwa nini. Kulikuwa na swali. Vitu vilikusanywa kwa utaratibu. Vilitengwa kwa aina. Vilihesabiwa. Hesabu iliandikwa. Ndipo watu wakasema. Mtoto wa miaka saba ufukweni Pande, mwenye kikapu cha magamba, anaweza kuzipita hatua hizo zote kwa kiwango chake. Tofauti iliyopo baina yake na mtaalamu ni ya vyombo, maarifa na subira, lakini njia ni moja.

Mtoto anaweza nini?

Wapo walimu wadhanio kuwa takwimu ni jambo la wakubwa, na kwamba mtoto wa darasa la pili lazima kwanza akariri majina ya vitu, halafu takwimu zimfikie akiwa sekondari. Matokeo yake huonekana katika kidato cha kwanza, ambapo mwanafunzi anajua kuchora grafu kwa kufuata amri, lakini akiulizwa grafu hiyo inamwambia nini hukaa kimya.

Wazo la kumwanzisha mtoto mapema si geni katika Afrika. Mwaka 1965 ulianzishwa Mpango wa Sayansi ya Shule za Msingi za Afrika, ambao Tanzania ilishiriki pamoja na nchi jirani. Shabaha yake ilikuwa mtoto ajifunze kwa kushika na kutazama vitu vya kijijini kwake: mbegu, mbu, maji, hata yule mdudu achimbaye vishimo mchangani ili kunasa sisimizi. Mwalimu alitakiwa asitoe jibu upesi. Kama mtoto aliuliza mdudu yule hula nini, alielekezwa akamtazame.

Mtoto mdogo huweza kutenga vitu kwa sifa moja iliyo wazi, kama vile rangi au umbo. Huweza kulinganisha makundi mawili kwa kuyapanga sambamba. Huweza kuweka alama moja kwa kila kitu kimoja. Huweza pia kusema kundi gani ni kubwa zaidi na kutoa sababu. Asichoweza bado ni kushika mambo mengi kwa pamoja. Kwa hiyo swali liwe moja, na vitu viwe vichache.

Zoezi la kwanza: magamba ya ufukweni

Tuseme mwalimu anawapeleka watoto ufukweni wakati maji yamekupwa, naye ameuliza: "Ni magamba ya aina gani yaliyo mengi hapa?" Kabla ya kwenda, awaonye juu ya mambo mawili. Kwanza, waokote magamba matupu tu, wasiguse yaliyo na viumbe hai ndani. Pili, wasishike kabisa konokono wa bahari mwenye umbo la pia, kwa maana baadhi ya aina zake huchoma kwa mwiba wenye sumu kali.

Tuchukulie kuwa kundi la kwanza la watoto limetawanyika na kuokota magamba 30 kila mmoja apendapo. Wakiyatenga wanapata kauri 12, tondo 9, kombe 7 na chaza 2. Wanayapanga mchangani katika mistari minne iliyoanzia penye kamba moja, gamba mbele ya gamba. Mstari wa kauri ni mrefu kuliko mingine. Watoto wanatangaza kuwa kauri ndizo nyingi katika ufukwe huu.

Kundi la pili limefanya tofauti. Limefunga kamba kwenye vijiti vinne na kufanya mraba wenye upande wa mita moja, kisha limeokota kila gamba lililomo ndani ya mraba, zuri na baya, zima na lililovunjika nusu. Tuseme limepata magamba 40: kombe 21, tondo 11, chaza 6 na kauri 2. Kwa kundi hili, kombe ndizo nyingi, nazo kauri ni chache kuliko zote!

Sasa kuna ugomvi, na ugomvi huu ndio kiini cha somo. Mwalimu asikimbilie kuuamua. Aulize: "Mliokotaje?" Baada ya muda mfupi mtoto mmoja wa kundi la kwanza atakiri kuwa yeye alichagua zile zinazong'aa. Katika kundi la kwanza kauri zilikuwa 12 katika 30, yaani sehemu 4 katika kila 10. Katika kundi la pili zilikuwa 2 katika 40, yaani 1 katika kila 20. Ufukwe haukubadilika. Kilichobadilika ni mkono wa mwokotaji. Hesabu ya kundi la kwanza ni sahihi kabisa kama jibu la swali jingine: "Watoto hupenda kuokota magamba gani?" Lakini si jibu la swali lililoulizwa.

Mwanafunzi wa sekondari atatambua kuwa hapa tumezungumzia sampuli na upendeleo wake. Mtoto hahitaji maneno hayo bado. Amekwisha kulipata jambo lenyewe, na siku atakapolikuta neno katika kitabu atakuwa na mahali pa kulitia.

Baada ya kuyapanga magamba yenyewe, hatua ya pili ni kuyaandika kwa vijiti: mstari mmoja kwa kila gamba, na wa tano ukikata minne iliyotangulia. Hatua ya tatu ni kuchora nguzo katika karatasi ya miraba, mraba mmoja kwa gamba moja. Mpangilio huu usipinduliwe. Mtoto aliyeanza na vitu halisi hujua kuwa nguzo ya grafu imesimama badala ya magamba. Aliyeanza na nguzo huiona kuwa ni picha ya kupaka rangi tu.

Zoezi la pili: mvua, sifuri na pengo

Zoezi hili hufaa mahali popote nchini. Chukua kopo lenye kuta zilizo wima, lenye mdomo na kitako vya upana mmoja. Liweke mahali pa wazi, mbali na miti na mapaa, likiwa limeshikizwa lisianguke. Kila siku saa 3 asubuhi, ambayo ndiyo saa inayotumiwa pia na vituo vya hali ya hewa vya nchi yetu, mtoto mmoja achovye rula na kusoma kina cha maji kwa milimita, aandike, kisha amwage maji. Kama rula haianzii sifuri kwenye ncha yake, ikatwe au sehemu ile ya ziada iongezwe katika hesabu.

Watoto huuliza, na wana haki ya kuuliza: kopo pana si litakusanya maji mengi zaidi? Ni kweli kwamba litakusanya maji mengi, lakini yatatandazwa juu ya eneo kubwa, na kina kitakuwa kile kile. Wajaribu kwa makopo mawili ya upana mbalimbali yaliyowekwa pamoja. Chupa yenye mabega yaliyobanwa haifai, kwa kuwa maji yaliyoingia kwa mdomo mpana yakibanwa mahali pembamba kina chake hupanda kwa uongo.

Tuchukulie kuwa daftari la wiki moja linaonyesha hivi: Jumatatu 0, Jumanne 12, Jumatano 4, Alhamisi hakuna kilichoandikwa, Ijumaa 25, Jumamosi 0, Jumapili 1. Jumla ni milimita 42. Je, wastani wa siku ni ngapi?

Mtoto mmoja atajaza sifuri katika nafasi ya Alhamisi ili daftari lipendeze. Mwalimu amzuie kwa upole. Sifuri ni habari: inasema "nilipima, mvua haikunyesha". Pengo ni habari nyingine: linasema "hatujui". Anayelijaza pengo kwa sifuri anadai kuwa aliona jambo ambalo hakuliona.

Zaidi ya hayo, pengo liandikwe pamoja na sababu yake. Kama mpimaji alisahau tu siku ya Alhamisi, maji ya siku hiyo yalibaki ndani ya kopo, na milimita 25 za Ijumaa ni za siku mbili. Basi jumla ya 42 ni ya siku 7, na wastani ni 6. Lakini kama mbuzi aliliangusha kopo asubuhi ya Alhamisi kabla halijapimwa, likasimamishwa tena papo hapo likiwa tupu, maji yale yamepotea. 42 ni jumla ya siku 6 tu zilizopimwa, na wastani wa siku hizo ni 7. Takwimu ni zile zile, majibu ni mawili, na kinachoyatenganisha ni sentensi moja fupi pembeni mwa daftari: "mbuzi ameangusha kopo".

Watoto wakubwa kidogo waongozwe kuitumia namba. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la darasa lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 6 lina eneo la mita 60 za mraba. Mvua ya milimita 25 hulimwagia paa hilo lita 1,500. Mtoto anayechota maji kisimani kwa ndoo ya lita 20 ataifahamu namba hiyo mara moja: ni ndoo 75.

Kwa watu wa Kilwa jambo hili si mchezo. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga kilichoitwa Hidaya kiliikaribia pwani yetu, na kituo cha Kilwa kikapima mvua iliyopita milimita 300 katika muda wa siku moja hivi, kiasi kilichopita mara tatu wastani wa mwezi mzima wa Mei wa kituo hicho. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika katika wilaya hiyo. Lile paa letu la mita 60 za mraba lingepokea lita zaidi ya 18,000. Na vimbunga si jambo la jana tu, kwa kuwa Lindi ilipigwa na kimbunga mwezi Aprili 1952.

Tunawezaje kusema "mara tatu ya wastani"? Kwa sababu mtu fulani, ambaye jina lake halitangazwi, aliamka kila siku kwa miaka mingi, akasoma kipimo, akaandika. Siku nyingi aliandika sifuri. Laiti asingeziandika sifuri zile, wastani usingekuwapo, na mvua ya Hidaya ingebaki kuitwa "kubwa" tu.

Zoezi la tatu: bahari na maneno ya wazee

Watoto wa pwani hukua wakisikia maneno bamvua na maji mafu. Wazee wao hujua kwa kuhesabu siku za mwezi ni lini maji yatakupwa mbali na ni lini hayatakupwa sana. Mwalimu mwenye busara hataipuuza elimu hii, wala hataifundisha kama amri. Ataigeuza kuwa swali.

Mtu mzima asimike mti wenye alama za sentimita mahali palipo salama, mathalani kwenye gati au ukingo wa mkono wa bahari. Watoto wasome kimo cha maji wakati yanapojaa kabisa na yanapokupwa kabisa mchana, waandike na saa, na pembeni wachore umbo la mwezi walilouona usiku. Wafanye hivyo kwa siku 30 wakipokezana.

Wataona mambo matatu. Kwanza, saa ya kujaa haikai mahali pamoja. Huchelewa kwa dakika zipatazo 50 kila siku. Pili, tofauti kati ya maji kujaa na kukupwa huongezeka na kupungua, nayo hufikia upeo mara mbili katika mwezi, karibu na mwezi mchanga na mwezi mpevu. Katika pwani yetu tofauti hiyo hupita mita 3 wakati wa bamvua. Tatu, siku za bamvua maji hukupwa kabisa karibu na saa ile ile, kiasi cha saa 4 hadi saa 5 asubuhi. Na hiyo ndiyo sababu akina mama waendao pwani kutafuta pweza huonekana wakishuka miambani saa hizo.

Baadaye watoto wamkaribishe mzee mmoja darasani na kumwonyesha jedwali lao. Hatashangaa. Lakini wao watakuwa wamejifunza kuwa maneno ya mzee yule yalitokana na kutazama kwingi, na kwamba jambo la kweli halipungukiwi kitu kwa kupimwa.

Kufasiri: maswali matatu

Kukusanya ni nusu ya kazi. Baada ya kila zoezi mwalimu awaulize watoto maswali matatu kwa mpangilio huu. Swali la kwanza: "Mnaona nini?" Hapa jibu litokane na jedwali peke yake: "Kombe ni 21." Swali la pili: "Mnadhani ni kwa nini?" Hapa mtoto yu huru kukisia: "Labda kauri zimekwisha kuokotwa na watu wengine." Swali la tatu: "Tutajuaje?" Hapa kisio hugeuka kuwa kazi mpya: tuufunge mraba mwingine mbali na njia ya watu, tuone kama kauri zitazidi.

Mtoto aliyezoea kuyatenga maswali haya atakuwa mtu mzima asiyeyumbishwa kwa urahisi. Atakaposikia habari kuwa dawa fulani imeponya watu wengi, atauliza ni wangapi, kati ya wangapi, na nani aliyewahesabu.

Kisa cha Erasto Mpemba chafaa kukumbukwa hapa. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Mpemba aliweka katika jokofu maziwa yaliyokuwa bado moto ili yagande, na akaona yameganda kabla ya yale yaliyotiwa yakiwa yamepoa. Aliuliza, akaambiwa kuwa amechanganyikiwa. Aliuliza tena baadaye, akachekwa. Hakuacha. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye naye aliona ajabu, lakini alirudi kazini kwake na kupima. Mwaka 1969 wote wawili walichapisha makala juu ya jambo hilo, na jina la Mpemba likaenea duniani.

Kisa hiki hakikuishia hapo, na sehemu yake ya pili yafaa kufundishwa sawa na ya kwanza. Mwaka 2016 wataalamu wawili wa Uingereza, Henry Burridge na Paul Linden, walipima upya na kusema kuwa hawakupata ushahidi wa kutosha wa jambo lile; walionyesha kuwa kukisogeza kipimajoto kidogo tu juu au chini kunaweza kuyabadilisha matokeo. Wengine bado wanalitetea. Je, Mpemba ameshindwa? Hasha. Aliona, akasema alichokiona, akakubali kipimwe. Anayempinga leo anampinga kwa vipimo, na hiyo ni heshima ambayo hakupewa na wale waliomcheka.

Namba ya uongo

Lipo jambo moja linaloweza kuiharibu kazi yote tuliyoieleza, nalo hutoka kwa walimu wenyewe. Mwalimu anayetaka madaftari yote yafanane, na anayempa alama ndogo mtoto ambaye kipimo chake kimetofautiana na cha wenzake, anawafundisha watoto kunakili. Mtoto hung'amua upesi kuwa kinachotakiwa ni namba impendezayo mwalimu. Kutoka hapo hadi kubuni mvua isiyonyesha ni hatua fupi mno.

Hatari yake inaonekana wazi tukiwatazama wavuvi. Pweza wa pwani yetu hukua upesi sana na maisha yake ni mafupi, hayazidi sana mwaka mmoja. Kwa sababu hiyo, mwamba ukifungwa kwa miezi michache tu, pweza waliomo huongezeka uzito. Mwaka 2004 kijiji cha Andavadoaka nchini Madagaska kiliufunga mwamba wake kwa njia hii, na mtindo huo ukaenea katika pwani ya magharibi ya Bahari ya Hindi, ukafika pia kisiwani Songosongo, wilayani Kilwa. Lakini wanakijiji watajuaje kama kufunga kumefaa? Lazima pweza wapimwe kabla na baada, mmoja mmoja, na uzito wake uandikwe. Anayeandika akipunguza namba kwa kuogopa ushuru, au akiongeza ili awafurahishe wageni, kijiji kizima kitaamua juu ya riziki yake kwa kutazama kitu kisichokuwapo. Mama atakatazwa kushuka mwambani bila faida, au ataruhusiwa wakati ambapo angefaa kusubiri.

Mwandishi wa daftari lile la pweza alikuwa jana mtoto wa darasa la tatu. Kama alifundishwa kuwa pengo huandikwa pengo, ataliandika pengo.

Kazi kwa wasomaji wetu

Wanafunzi wa sekondari mnaosoma makala haya mna nafasi njema kuliko watu wengi. Katika sehemu nyingi shule ya msingi iko jirani nanyi. Klabu ya sayansi inaweza kuchagua darasa moja na kulitembelea mara moja kwa wiki, ikiwa na kamba ya mraba, kopo na rula. Anayemfundisha mdogo wake kuhesabu hugundua upesi ni yapi ambayo yeye mwenyewe hakuyaelewa. Tunapendekeza kazi tatu za kuanzia.

1. Simika mti ulionyooka wenye urefu wa mita 1 katika uwanja tambarare. Mara moja kwa wiki pima kivuli chake kinapokuwa kifupi kabisa, ambacho kwa Kilwa hutokea kati ya saa 6 na saa 6 na nusu mchana au kupita kidogo. Andika urefu na upande kinakoelekea. Mwezi Juni kivuli huelekea kusini, na Desemba huelekea kaskazini. Tafuta kwa vipimo vyako siku mbili katika mwaka ambapo kivuli karibu kinatoweka. Kwa Pande ni mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba. Je, kwenu ni lini?

2. Kama mpo karibu na mikoko, tandazeni kamba ya mita 50 kutoka upande wa bahari kuelekea nchi kavu wakati maji yamekupwa, mkiwa na mtu mzima. Hesabuni miti inayoguswa na kamba katika kila mita 10: mlilana, mkoko, msinzi, mkandaa, mchu. Je, aina zimechanganyika tu, au kila moja ina mahali pake?

3. Chukueni daftari lolote la vipimo lililoko shuleni kwenu, liwe la mvua, la mahudhurio au la mavuno ya shamba la shule. Tafuteni mapengo. Ni mapengo mangapi yaliyoelezwa sababu, na ni mangapi yaliyojazwa sifuri?

Udongo wa Pande ulikaa kimya kwa miaka milioni 34 mpaka alipopatikana mtu wa kuuosha, kuutenga na kuuhesabu. Pale juu yake, ufukweni, watoto wanaokota magamba kila siku. Wakipewa kamba, vijiti vinne na swali moja, kazi imekwisha kuanza.